Sikinde na Ukumbi Wake

Muziki wa dansi wa Tanzania umekwisha kusimuliwa mara nyingi kwa majina ya waimbaji na kwa majina ya bendi. Ni haki yao. Lakini katika insha hii nataka kuzungumzia jambo ambalo hutajwa kwa kupita tu, nalo ni ukumbi. Hoja yangu ni kwamba nyimbo tunazoziita leo zilipendwa hazikutungwa na watunzi peke yao. Zilitungwa pia na watu waliolipa kiingilio, wakakaa, wakasikiliza, kisha wakainuka au wakakataa kuinuka. Nitachukua mfano mmoja ninaoufahamu, nao ni Mlimani Park ya Dar es Salaam na bendi iliyozaliwa pale, ambayo wapenzi wake waliipa jina la Sikinde.

Hoja hii ilinijia kutokana na swali la kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, jirani yangu hapa Ramadhani, Njombe mjini. Alikuwa amesikia kwamba mwezi Desemba 2021 shirika la UNESCO liliitia rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Akaniuliza, "Mzee, Wamarekani wana blues yao, Wakongo wana rumba yao. Sisi tuna nini?" Swali hili si dogo. Taifa lisilojua kujibu swali kama hilo litaishi kwa kuazima, na la kuazima halisitiri matako.

Tuanze na hiyo blues, kwa faida ya msomaji anayeijua kwa jina tu. Ni uimbaji wa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, watu wa mashamba ya pamba, ambao mmoja wao huimba taabu yake na wenzake huitambua kuwa ni yao. Mwaka 1943 mwimbaji Muddy Waters alihama Mississippi akaenda Chicago. Huko alikuta vilabu vyenye kelele, gitaa la mkono halisikiki, naye akachukua gitaa la umeme. Watu wengi husema umeme ndio ulioubadili muziki ule. Mimi nasema ni kilabu kilichoubadili, na umeme ulikuwa chombo tu. Walevi wa Chicago walitaka kusikia habari za kwao, lakini walitaka kuzisikia juu ya kelele zao wenyewe. Mwanamuziki akawatii, na kwa kuwatii akapata sauti mpya.

Hapa kwetu sheria ilikuwa hiyo hiyo. Dansi ya mjini ilianza zamani. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu miaka ya 1930, na katika miaka ya 1950 ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja ulikuwa mahali pa vijana wa mjini waliovaa suti na kucheza rumba, chacha na bolero zilizokuja kwa santuri kutoka Cuba. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, bendi nyingi zilikuwa mali ya umma. Wafanyakazi walikuwa na NUTA Jazz tangu 1964. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, polisi yao, magereza yao, jeshi la kujenga taifa lao, umoja wa vijana wao, hata shirika la bima. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Gitaa halikuwa lake. Lilikuwa la shirika. Akihama, aliondoka na vidole vyake na koo lake, basi.

Mwaka 1978 ndipo ilipoundwa bendi ninayoizungumzia. Baadhi ya wanamuziki walitoka Dar International, akina Abel Balthazar, Joseph Mulenga na Cosmas Chidumule. Kutoka bendi ya wafanyakazi, ambayo wakati huo ilikuwa imebadili jina kutoka NUTA kuwa JUWATA, alikuja Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe. Mwenye bendi alikuwa TTTS, shirika lililoshughulika na usafiri na teksi. Walipiga katika baa ya Mlimani Park, upande wa Chuo Kikuu, na bendi ikachukua jina la baa. Natamani msomaji alitazame jambo hilo vizuri. Bendi nyingi zilibeba jina la shirika au la chama. Hii ilibeba jina la mahali ilipopigia. Na hata mwaka 1983, TTTS ilipokwisha na bendi kuchukuliwa na DDC, yaani Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, jina hilo halikufutwa. Ikaitwa DDC Mlimani Park, na makao yake makubwa yakawa ukumbi wa DDC Kariakoo.

Jina la pili lina uzito zaidi. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na viunga vyake. Bendi ilijiita Sikinde Ngoma ya Ukae, na huo ukae ni nyumbani. Sisi wa nyanda za juu neno hilo halitupi taabu, kwa maana mzizi wake ni jamaa ya kaya, na lugha nyingi za Kibantu zinao. Wapinzani wao wa JUWATA nao walijiita Msondo, jina la ngoma nyingine ya pwani. Kwa hiyo bendi mbili kubwa za mji, zenye magitaa ya umeme, matarumbeta na saksafoni, zilishindana kwa majina ya ngoma za wenyeji. Tofauti na Chicago ni hii: Muddy Waters aliondoka kwao na muziki wake akaupeleka mjini. Dar es Salaam ngoma ilikuwa mwenyeji wa mji tangu zamani, na wahamiaji tulikuwa sisi, Wabena, Wanyamwezi, Wamanyema, Wachaga, tuliokuja kutafuta kazi na kukaribishwa ndani ya ngoma ya mwenyeji. Kwa miaka michache tangu 1979 nilifundisha Dar es Salaam, kwa hiyo ukumbi huo niliuona nikiwa miongoni mwa wahamiaji hao.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Vita vya kumng'oa Idi Amin vilikuwa vimemaliza fedha, sabuni na sukari vilipangiwa foleni, na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, ukaja kufunguliwa 1983. Huo mpaka ulihusu muziki pia. Santuri zetu zilikuwa zikichapwa Nairobi, na njia hiyo ilipofungwa mwanamuziki wa Tanzania alibakiwa na masikio mawili tu ya kumsikiliza: studio ya Radio Tanzania na ukumbi. Redio haikumlipa cha kumtosha. Ukumbi ndio uliomwonyesha kila wiki kama amefaulu au ameanguka.

Sasa nieleze kazi ya ukumbi huo katika utunzi wenyewe, maana hapo ndipo kiini cha hoja. Wimbo wa Sikinde una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole. Magitaa hutangulia, la pili likijibu la kwanza, besi ikitembea chini yao bila haraka, matarumbeta yakikata mara moja na kunyamaza. Kisha mwimbaji anaanza kisa. Beti ni ndefu, zenye mantiki, na mara nyingi zimetungwa kama barua au kama shauri linalopelekwa kwa wazee: nilioa, nilihangaika, nilisengenywa, jirani alisema hivi, mimi nifanyeje? Ya pili ni ya kuchemka. Mwendo unapanda, kiitikio kinakuwa kifupi, magitaa yanasokotana, saksafoni zinaitana na matarumbeta, na hakuna kisa tena.

Wageni na hata wasomi wetu huipenda ile sehemu ya pili, kwa kuwa miguu haihitaji mkalimani. Lakini tabia ya ukumbi ule niliiona katika sehemu ya kwanza. Wachache walicheza taratibu, wengi walikaa. Walikaa na kusikiliza kama watu wa baraza wanaosikiliza kesi. Akina mama walitingisha kichwa, mzee mmoja akaguna mahali panapostahili kugunwa, na mwimbaji aliyegusa jambo la kweli alifuatwa na mtu mwenye noti mkononi, akatunzwa. Kesi ikiisha ndipo watu walipoinuka kwa pamoja. Kucheza kulikuwa hukumu. Kama shauri limeeleweka, sakafu ilijaa. Kama halikueleweka, matarumbeta yangeita na watu wangebaki na chupa zao. Mwalimu atautambua mpango huo mara moja: utangulizi, maelezo, kisha mazoezi. Darasa lisiloelewa maelezo halifanyi mazoezi.

Hivyo mtunzi hakuweza kudanganya. Nyimbo mpya zilijaribiwa ukumbini kwanza, zikachongwa, kisha zikapelekwa Radio Tanzania, ambako maneno yalikaguliwa na bendi nzima ikarekodi kwa pamoja. Mkaguzi wa redio aliangalia maadili na siasa. Mkaguzi wa ukumbini aliangalia ukweli na Kiswahili. Wa pili alikuwa mkali kuliko wa kwanza.

Tazama majina ya nyimbo zao zenyewe. Mmoja unaitwa Mtoto Akililia Wembe, yaani nusu ya methali. Nusu iliyobaki kila mtu anayo kichwani, na mtunzi amemwachia msikilizaji kazi ya kuimalizia. Mwingine, wa Chidumule, unaitwa Neema. Ni jina la mwanamke, na pia ni neno linalotamkwa kanisani na msikitini na shambani mvua inaponyesha. Na katika miaka ile ya foleni hakuna aliyelisikia neno hilo bila kuwaza maana zote mbili. Mwingine unaitwa Nalala kwa Taabu. Hapo sihitaji kueleza. Kijana akiniuliza blues yetu iko wapi, jina hilo moja linatosha kuwa jibu.

Huku Njombe na Makambako nyimbo hizi zilitufikia kwa redio, zikiwa zimetengwa na sakafu yake. Tulizisikia usiku wa baridi, mkaa ukiwa katikati, betri zikichoka. Kwa sababu hiyo sisi wa bara tulizipokea kama mashairi. Tulijua maneno yote kabla hatujajua watu wanachezaje. Hilo lilikuwa na faida yake: kuna watu wa rika langu, wasiowahi kufika Dar es Salaam, walioweza kufafanua beti za Gurumo au za Hassani Bitchuka kama mchungaji afafanuavyo waraka. Lakini lilikuwa na upungufu pia. Redio ilikata wimbo ili kipindi kitoshe, na sauti ya watu wanaoguna haikuwamo. Anayesikiliza kanda zile leo na kusema kwamba sehemu ya kwanza inachosha, anasikia nusu ya mazungumzo. Nusu nyingine ilikuwa mezani, na haikurekodiwa.

Msomaji anaweza kunipinga na kusema kwamba ninaupa ukumbi sifa iliyo ya watu wenye vipaji. Jaribio la pingamizi hilo lilitokea mwaka 1985. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake ya zamani na kuunda nyingine, International Orchestra Safari Sound. Akawachukua kutoka Mlimani Park wanamuziki wake wakubwa, akiwemo Gurumo, Bitchuka na Balthazar. Wengi walitegemea Sikinde ife. Haikufa. Alibaki Michael Enoch, mpiga vyombo mkongwe tangu Dar es Salaam Jazz, ambaye wenzake walimwita Ticha, naye akawapanga wapya katika mtindo ule ule. Safari Sound walikuwa na sauti zile zile za zamani na wakatoa nyimbo nzuri sana, silifichi hilo. Lakini mtindo wa Sikinde, ile subira ya kusikiliza kwanza, haukuhama nao. Ulibaki mahali watu walipoizoea subira hiyo. Kipaji kilinunuliwa, wasikilizaji hawakununulika. Kwangu huo ni ushahidi.

Baada ya kusifu, haki inadai nitaje kasoro, na ziko mbili ambazo haziwezi kufichwa na mapenzi yangu.

Ya kwanza ni mwanamke. Katika kesi zile zilizosomwa ukumbini, mshtaki karibu daima ni mwanamume, na mshtakiwa mara nyingi ni mke, hawara, au mama mkwe. Mwanamke anaimbwa, anasihiwa, anaonywa, anasifiwa. Ni mara chache anajibu. Wanawake kama Kida Waziri wa Vijana Jazz walikuwapo katika dansi, lakini walihesabika kwa vidole. Linganisha na taarab, ambako tangu siku za Siti binti Saad mwanamke alishika wimbo akasema lake, tena kwa mafumbo makali. Ukumbi wa dansi ulisikiliza vizuri, lakini ulisikiliza upande mmoja. Baraza lenye walalamikaji wa jinsia moja ni baraza lenye upungufu, hata hakimu awe mwadilifu vipi.

Kasoro ya pili ni malipo. Watu waliotufundisha kusema taabu zetu waliishi katika taabu. Nchi haikuwa na sheria ya hakimiliki iliyowalinda kwa vitendo. Sheria mpya ilikuja 1999, wakati nyimbo bora zilikuwa zimekwisha kunakiliwa kwenye kaseti za vichochoroni kwa miaka. Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba, alisema hadharani kwamba hakuwa na gari. Kijana Diamond Platnumz, wa kizazi kingine kabisa cha muziki, akampa moja. Wengi walishangilia, nami nilimpongeza kijana yule kwa adabu yake. Lakini zawadi si mshahara, na heshima ya mtu mmoja haifuti deni la wengi. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Sasa nijibu neno la wenzangu wa chaki. Katika kazi yetu, na hasa huku kwetu ambako shule na kanisa vilijengwa na mkono mmoja, ilisemwa kwamba mwalimu hana shughuli katika dansi. Mwenzangu mmoja, mkuu wa shule kama mimi, alikuwa na usemi kwamba baa haifundishi kitu ila kuomba mkopo. Namheshimu, maana nimeona walimu waliopotea kwa pombe, wa bia na wa ulanzi pia. Lakini tutenganishe mambo. Kilabu cha ulanzi msimu wa mvua kina walevi, na kina wazee wanaosimulia habari ambazo hazimo katika kitabu chochote. Mtu akifunga kilabu, walevi watapata pengine pa kunywea. Wasimulizi hawatapata pengine pa kusimulia. Ndivyo ilivyo kwa ukumbi wa dansi. Pombe ilikuwamo, sikatai. Lakini kilichofanya watu mia kadhaa wanyamaze kusikiliza shauri la ndoa kwa Kiswahili safi si pombe. Pombe haijawahi kumnyamazisha mtu.

Na ukumbi huo umepungua. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yalibinafsishwa au yalivunjwa, na bendi zao nyingi zikaenda nayo. Redio binafsi zilianza 1994, disko na video zikachukua vijana, kisha bendi mpya zilizoanza kuchemka tangu noti ya kwanza, kisha muziki wa kizazi kipya unaotengenezwa chumbani na mtu mmoja. Siuchukii. Una watunzi wenye akili. Ila hautungiwi mbele ya mtu anayeweza kuguna. Mtunzi wa leo anahesabiwa waliosikiliza baada ya kazi kwisha. Yule wa Sikinde alisahihishwa kazi ikiwa bado mbichi. Mtu aliyewahi kusahihisha madaftari anajua tofauti ya maksi na masahihisho. Maksi humwambia mwanafunzi amefika wapi. Masahihisho humwambia aende wapi.

Nenda Makambako leo jioni, pale barabara ya Songea inapoungana na ile ya Mbeya, ambako malori hulala na reli ya TAZARA hupita. Baa ni nyingi kuliko zamani. Kila moja ina spika kubwa kuliko mlango wake, na kila spika inapiga wimbo tofauti na wa jirani. Muziki umeongezeka mara kumi. Wasikilizaji hawapo, kwa kuwa hakuna anayeweza kusikiliza. Wasafiri wanakula, wanapiga kelele juu ya kelele, wanaondoka. Makambako ni mji wa njia panda, wa Wabena, Wakinga, Wahehe, Wanyakyusa na wageni wa kila kabila, kama Dar es Salaam ya utoto wake. Una kila kitu ambacho Mlimani Park ilikuwa nacho, isipokuwa mahali pa kukaa na kunyamaza pamoja.

Kwa hiyo kumjibu yule kijana kwa jina la bendi au jina la mwimbaji ni kumjibu nusu. Tulichokuwa nacho ni adabu ya kusikiliza shauri la mwenzako mpaka mwisho, kisha kulicheza pamoja naye. Nyimbo zenyewe zimebaki katika kanda za redio ya taifa, na bendi ya Sikinde na ile ya Msondo ziliingia karne hii zikiwa hai, jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Ni mali ya kutosha kuanzia. Lakini kanda haitaturudishia adabu ile kama hatuifundishi.

Ushauri wangu kwa walimu wa Kiswahili ni mwepesi na hauna gharama. Chukua wimbo mmoja wa Sikinde wenye kisa. Wape wanafunzi sehemu ya kwanza, wakae, wasikilize, waseme mlalamikaji ana haki gani na amekosea wapi, na huyo mwanamke anayelalamikiwa angejibu nini. Wamwandikie ubeti wake, kwa maana aliunyimwa. Wakimaliza, wape sehemu ya pili, wasogeze madawati ukutani.